Kutazama ndege wahamaji Mida Creek kwa kundi: mwongozo kamili wa Agosti hadi Novemba

Makundi mengi yanayokwenda Mida Creek, lile hori la bahari nyuma ya Watamu, hurudi na lalamiko lile lile. Wengine husema, "Tulifika saa moja asubuhi, tukaona nukta nyeusi mbali matopeni, basi." Wengine walikuta maji yamejaa hadi kwenye mikoko na ndege hakuna. Ndege walikuwapo siku zote mbili. Kilichokosewa ni saa.

Msituni unaamka alfajiri kwa sababu ndege huimba jua likichomoza. Horini jua halina kauli. Maji ndiyo yanayopanga nani ale, wapi, na kwa muda gani. Ukipanga safari kwa maji, hata kundi la watu wasiowahi kushika darubini litaona ndege elfu kwa karibu. Ukipanga kwa mazoea, hata mtaalamu atarudi mikono mitupu.

Mwongozo huu ni wa safari ya siku moja, watu 6 hadi 12, kati ya mwisho wa Agosti na Novemba. Huo ndio wakati ndege waliozaliana kaskazini, Siberia hadi Asia ya Kati, wanapoikimbia baridi na kushuka pwani yetu.

## Vifaa

Kwa kila mtu:

- Darubini ya mkono, 8x42 au 10x42 (namba ya kwanza ni mara za kukuza). Anayeanza apewe 8x, kwa sababu 10x hutikisika zaidi mkononi na huonyesha eneo dogo.
- Maji lita 2, kofia yenye ukingo, nguo ya mikono mirefu ya rangi ya udongo, majani au kijivu. Nyeupe na nyekundu zibaki nyumbani.
- Raba au sandali za kufungwa. Ndara huzama topeni na kubaki humo, na magamba ya chaza hukata nyayo.

Kwa kundi:

- Teleskopu 1 kwa kila watu 5 au 6, ya kukuza mara 20 hadi 60, pamoja na stendi nzito ya miguu mitatu. Stendi nyepesi ya simu haifai hapa, upepo wa bahari utaitikisa.
- Daftari 2 na penseli. Wino hutawanyika karatasi ikipata unyevu wa chumvi, penseli haitawanyiki.
- Kihesabio cha mkono cha kubonyeza.
- Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki chenye picha za mavazi, yaani manyoya, ya msimu wa kuzaliana na yasiyo ya msimu huo. Hili la mavazi mawili ni sharti.
- Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, la karatasi au la simu.
- Kitambaa laini na chupa ndogo ya maji baridi ya kusuuzia lenzi. Chumvi ikifutwa kavu hukwaruza kioo.
- Mfuko wa plastiki mgumu wa kufunikia teleskopu. Oktoba na Novemba vuli hunyesha bila hodi.

Usipopata teleskopu hata moja, usiahirishe. Punguza watu wawe 6 na mkae palepale maji yanapowasogeza ndege. Mtaona wachache zaidi, ila mtaona vizuri.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi

Tafuta kwenye kalenda siku ya mwezi mpevu na siku ya mwezi mwandamo. Siku zinazokufaa ni ya 2 na ya 3 baada ya mojawapo.

Sababu ni hii. Siku hizo ni za bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Mombasa hadi Malindi hupita mita 3. Tope kubwa hufunuliwa, ndege hutawanyika kula, kisha maji yanarudi kwa nguvu na kuwasukuma wote kuelekea ukingoni ulipo wewe. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo huweza kuwa chini ya mita 1.5. Maji hayafiki mbali, ndege hawasukumwi, nao hubaki katikati ya hori siku nzima.

Bamvua letu lina tabia moja inayosaidia sana. Siku ya mwezi mpevu au mwandamo maji hujaa karibu na saa 10 jioni, halafu huchelewa kama dakika 40 hadi 50 kila siku. Kwa hiyo siku ya 2 au ya 3 maji hujaa kati ya saa 11 na saa 12 jioni. Mtatazama alasiri, joto likianza kupungua. Njia ya mbao na kibanda cha kutazamia viko upande wa barabara kuu ya Mombasa–Malindi, mkitazama mashariki, hivyo jua litakuwa mgongoni. Ndege mwenye jua nyuma yake ni kivuli tu; jua likiwa nyuma yako, utaona hadi rangi ya miguu.

Utajua umepatia ikiwa siku uliyochagua inaonyesha maji kujaa kati ya saa 11 na saa 12 jioni, na urefu wa maji unapita mita 3.

## Hatua ya 2: Soma jedwali bila kukosea saa

Hapa ndipo safari nyingi hufia. Jedwali huandika 17:30. Mmoja anaandika kwenye kundi la simu "maji yanajaa 5:30", mwingine anasoma saa 5 na nusu asubuhi, na nusu ya watu wanafika maji yakiwa yamepwa kabisa. Toa 6 kwenye saa ya alasiri ya jedwali, kisha andika kwa maneno: "saa kumi na moja na nusu jioni". Hakikisha pia kwamba programu ya simu iko kwenye saa za Afrika Mashariki. Ikiwa kwenye saa za kimataifa, mtapotea kwa saa 3 kamili.

Sasa rudi nyuma. Dirisha lenu zuri linaanza saa 3 na nusu kabla ya maji kujaa na kufungwa saa 1 na nusu kabla ya kujaa. Maji yakijaa saa 11:30 jioni, tazameni kuanzia saa 8:00 hadi saa 10:00. Kabla ya hapo ndege wako mbali. Baada ya hapo tope limekwisha na wao wamekwenda kulala kusubiri maji yapungue.

Mbona dirisha ni fupi hivyo? Kwa sababu maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua tofauti ya mita 3: saa ya kwanza hupanda kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, ya tano 50, ya sita 25. Nusu ya bahari yote huingia katika zile saa mbili za katikati. Anayekwenda kununua madafu wakati huo atakosa shughuli nzima.

Jedwali ni la Kilindini, na ndani ya hori maji huchelewa kidogo kwa kuwa yanapita mlango mwembamba. Msihesabu ucheleweshaji huo, wahini tu nusu saa.

## Hatua ya 3: Gawa kazi kabla ya kuondoka

Watu 12 bila kazi ni watu 12 wanaouliza "yule ni nani?" kwa pamoja. Gawa kundi mara mbili, watu 6 kila upande, na kila upande uwe na:

- Mwenye teleskopu, anayetafuta na kuelekeza.
- Mwandishi, ambaye haangalii darubini kabisa ila kwa zamu. Akiangalia, haandiki.
- Mhesabu, mwenye kihesabio.
- Mlinzi wa maji, anayepanda kijiti ukingoni na kutangaza kila dakika 15 maji yamefika wapi. Mpe kazi hii mtu makini, si mtoto aliyechoka.

Chukueni pia mwongozaji wa Mida mwenyewe. Anajua kijito kipi hujaa kwanza na ndege wa wiki hii wanakaa upande gani. Hayo hayamo kwenye kitabu chochote. Piga simu siku 2 kabla, kubalianeni malipo mapema, na mlipeni hata mvua ikiwakatisha. Ada ya njia ya mbao huchangia karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyozunguka hori na msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa hiyo lipeni watu wote na mpewe risiti.

## Hatua ya 4: Zoezi la punje, jioni moja kabla

Mwaga kiganja cha mchele kwenye sinia jeusi. Tazama kwa sekunde 5, taja idadi, kisha hesabu kweli. Wengi hutaja nusu ya zilizopo. Rudia mara 10.

Kisha fundisha njia ya mafungu. Hesabu punje 10 moja moja, uone zinachukua upana gani. Chukua upana huo kwa macho na uupige juu ya sinia lote: kumi, ishirini, thelathini. Zikizidi 300, panua fungu liwe 50. Ndivyo mtakavyohesabu ndege kesho.

Utajua umepatia kosa lako likishuka chini ya robo ya idadi halisi. Usitafute zaidi ya hapo.

## Hatua ya 5: Kufika na kuingia

Kwa matatu ya Mombasa–Malindi, shukeni Mida kabla ya kufika Gede, kisha mteremke kuelekea mikokoni. Mwe ukingoni nusu saa kabla ya dirisha kufunguka. Simu ziwekwe kimya. Maelezo yote marefu yatolewe pale kwenye maegesho, maana sauti husafiri mbali juu ya maji.

Ingieni kwa mstari mmoja, polepole, mkisimama kila hatua 20. Angalieni ndege wa karibu zaidi, yeye ndiye atakayewaambia. Akiacha kula na kunyanyua kichwa, simameni. Akianza kutembea kuwakimbia, rudini hatua 5. Akiita na kuruka, mmeshachelewa, na ataondoka na wote walio karibu naye.

Hili si suala la adabu peke yake. Kitwitwi mwenye mdomo wa kupinda (*Calidris ferruginea*) ametoka tundra ya Siberia, maelfu ya kilomita, na anafika mafuta ya mwilini yamemwishia. Saa chache za tope wazi ndizo karamu yake. Kila mara anaporushwa bure anachoma alichokula na kupoteza dakika za kula, na maji hayamngojei.

Onyo: msishuke topeni kuwafuata wakati maji yanajaa. Vijito hujaa kwanza, na hujaa nyuma yenu. Mtu anaweza kusimama pakavu huku njia ya kurudi tayari ina kina cha kiuno.

Utajua mmepatia ndege wakiendelea kula wakiwa wamewapa mgongo, au mmoja akisimama kwa mguu mmoja na kuficha mdomo mbawani.

## Hatua ya 6: Tegesha teleskopu

Ile njia ya mbao imening'inizwa, nayo huyumba. Mtu mmoja akitembea mwanzoni, anayetazama mwishoni huona ndege akirukaruka ndani ya kioo kama anayetazamwa kutoka kwenye basi. Kwa hiyo wekeni amri: teleskopu ikishategwa hakuna anayetembea mpaka mhesabu aseme "sawa". Kama kuna nafasi ukingoni kwenye mchanga mgumu, tegeni hapo, miguu ya stendi ikiwa imetanuliwa na kushushwa hadi kimo cha kifua.

Anzeni na ukuzaji mara 20. Tafuta ndege, weka katikati, ndipo ukuze. Anayeanza na mara 60 atatafuta kutwa. Picha ikicheza kama moto wa jiko, huo ni mvuke wa joto juu ya tope. Kukuza zaidi huongeza ubaya. Shusha hadi mara 25 na utazame ndege walio karibu.

Kuelekeza wengine, msiseme "pale, pale". Chagueni alama tatu mapema, kwa mfano mkoko uliojitenga, nguzo na mtumbwi, kisha semeni: "kutoka mtumbwi, upana wa vidole viwili kulia, kwenye ukingo wa maji."

## Hatua ya 7: Hesabu kwanza, majina baadaye

Makundi karibu yote hufanya kinyume. Hubishana dakika 20 kuhusu ndege mmoja, mara kozi anapita juu, tope zima linanyanyuka, na hakuna idadi iliyoandikwa.

Pitisheni teleskopu kutoka kushoto kwenda kulia mara moja, mkihesabu kwa mafungu matatu ya ukubwa: wadogo kama shomoro hadi kinega, wa kati, na wakubwa kama kuku. Mwandishi aandike saa. Rudieni kutoka kulia kwenda kushoto. Idadi mbili zikitofautiana sana, hesabuni mara ya tatu na mchukue ya katikati. Msiongeze idadi za duru zote, ni ndege wale wale.

## Hatua ya 8: Tambua kwa mwendo, kisha mdomo, rangi mwisho

Wengi wa wahamaji wakifika kwetu wameshavua au wanavua mavazi ya kuzaliana, wamebaki kijivu juu na weupe chini. Anayetafuta rangi za picha ya kwanza kitabuni atakwama.

Tazama anavyokula. Anayekimbia, akasimama ghafla, akadonoa mara moja, akakimbia tena, ni wa jamaa ya *Charadrius* na wenzake: jicho kubwa, mdomo mfupi. Anayechoma tope mfululizo bila kunyanyua kichwa, kama sindano ya cherehani, ni wa jamaa ya *Calidris*. Kwa tofauti hii moja mmeshagawa tope nusu kwa nusu.

Kisha mdomo. Mdomo mrefu kuliko kichwa, umepinda chini polepole, miguu myeusi, kiuno cheupe akiruka: *Calidris ferruginea*. Mdogo kama shomoro, mdomo mfupi ulionyooka: *Calidris minuta*. Mdomo uliopinda juu, miguu mifupi ya manjano-chungwa, akikimbia kichwa chini kama aliyedondosha pesa: *Xenus cinereus*. Sululu wapo wa aina mbili. Mwenye mistari ya giza kichwani na mdomo unaopinda zaidi karibu na ncha ni *Numenius phaeopus*. Asiye na mistari, mkubwa, mwenye mdomo mrefu wa ajabu, ni *Numenius arquata*. Mnene wa kijivu akiruka na kuonyesha kwapa jeusi ni *Pluvialis squatarola*, na hapo hakuna ubishi tena.

Wale wawili wanaogombanisha watu ni *atrifrons* (kwenye vitabu vya zamani *mongolus*) na *leschenaultii*, vitwitwi wa mchanga kutoka Asia. Pima mdomo kwa macho: chukua urefu wake, uupeleke kutoka mzizi wa mdomo kwenda nyuma ya jicho. Ukiishia kwenye jicho au nyuma yake kidogo tu, ni mdogo (*atrifrons*), na miguu yake huwa ya giza. Ukipita jicho waziwazi, ni mkubwa (*leschenaultii*), miguu ya kijani-kijivu. Asiyeonekana ubavu kamili msimpime. Andikeni "vitwitwi wa mchanga, hawajatofautishwa". Hilo ni jibu sahihi kabisa, na lina thamani kuliko jina la kukisia.

Na yule wanaokuja kumwona. Ndege mla kaa (*Dromas ardeola*) ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu, na mdomo mweusi mnene kama koleo. Huyu hatoki Siberia. Huzaliana visiwani na ufukweni mwa Ghuba ya Uajemi, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu. Mtafuteni kwenye makundi yaliyosimama pamoja ukingo wa maji, na mtazame kwa subira. Kati yao mtaona wa kijivu, asiye na weusi safi mgongoni, akimfuata mkubwa na kuinama akilia. Ni kinda wa mwaka huu, amevuka bahari na wazazi wake na bado anaomba kulishwa. Mkubwa anamkamata kaa, anamtikisa mpaka miguu inadondoka, kinda anapokea. Mpeni kila mtu dakika yake kwenye teleskopu hapa, hata kama ratiba itachelewa.

## Hatua ya 9: Pete na bendera za miguuni

Mkiona ndege mwenye pete ya rangi au kibendera cha plastiki, andikeni kwa mpangilio huu: mguu upi (kulia kwa ndege, si kwako), juu au chini ya kiungo kinachoonekana kama goti, rangi, na herufi zozote. Watu wawili waandike bila kusikilizana, kisha walinganishe. Herufi moja ikikosewa, ndege wa nchi moja anahesabiwa kuwa wa nyingine. Piga picha kupitia teleskopu ukiweza, hata ikiwa mbaya.

## Hatua ya 10: Kufunga

Mlinzi wa maji akitangaza saa 1 na nusu kabla ya kujaa, acheni kuhesabu. Ndege sasa wanatafuta pa kulala, na kuwafuata huko ni kuwanyima mapumziko ya pekee waliyo nayo mchana.

Hapohapo ukingoni, kabla ya kupanda gari, somaneni daftari mbili kwa sauti. Kila jina liwe na mtu aliyemwona na alama iliyomthibitisha. Jina lisilo na alama lishushwe hadi jamaa yake. Usiku mkiwa mmechoka kila mtu atakumbuka ndege aliyetamani kumwona.

Mtu mmoja tu atume orodha eBird, tovuti ya kuwekea orodha za ndege, aweke saa ya kuanza, muda, umbali na idadi ya watazamaji, kisha awashirikishe wengine. Wote wakituma kila mmoja yake bila kushirikishana, ndege 400 wanakuwa 4,000. Kwa Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, tumieni programu ya simu ya BirdLasser. Eneo huhesabiwa kwa pentadi, mraba wa kama kilomita 9 kwa 9, kwa hiyo mliowaona njiani kutoka Gede waandikwe kulingana na pale walipokuwa.

Mkiwa na nafasi ya kubaki hadi magharibi, hasa kuanzia Novemba, kaeni kimya mkitazama juu ya mikoko. Keremkerem wekundu (*Merops nubicus*) huja kulala humo kwa makundi, nao hawahitaji teleskopu.